Paja Limevunjika Wapi?

Faili nyingi za wodi ya mifupa zina mstari mmoja tu wa utambuzi: alama ya reli, neno "femur", na pengine herufi L. Daktari aliyeuandika anajua alichokiona kwenye picha ya eksirei. Afisa kumbukumbu aliyekaa na kitabu cha ICD-10 hajui, wala haruhusiwi kubahatisha. Kwa mstari huo ataweka S72.9, yaani fupa la paja limevunjika na mahali hapakutajwa. Kanuni zinauruhusu msimbo huo. Ubaya wake ni kwamba unamweka bibi aliyeteleza bafuni kapu moja na kijana wa bodaboda, ilhali upasuaji wao, vyuma vyao na siku zao za kulazwa havifanani hata kidogo.

Basi kwanza taja sehemu. Shingo ya fupa la paja ni S72.0, eneo la trokanta ni S72.1, chini ya trokanta ni S72.2, shafti ni S72.3, na ncha ya chini karibu na goti ni S72.4. Ugomvi mwingi huwa kwenye mpaka wa .1, .2 na .3, na mwamuzi wake ni trokanta ndogo. Ufa unaopita eneo la trokanta zenyewe ni S72.1. Ulio chini ya trokanta ndogo, ndani ya sentimita 5, ni S72.2. Ukishuka zaidi ya hapo umeshaingia kwenye shafti. Pima kwenye picha na uandike kipimo. Ufa ukivuka mipaka miwili, daktari ndiye aseme ni upi; afisa kumbukumbu asijigeuze msoma picha.

Kisha sema kama kuna kidonda kinachofika kwenye mvunjiko. Katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, tarakimu ya tano huonyesha hilo: 0 kwa mvunjiko uliofunikwa na ngozi, 1 kwa mvunjiko wazi. Shafti iliyovunjika na kutoboa ngozi inakuwa S72.31. Faili likinyamaza, kanuni inasema uhesabiwe umefunikwa, na hapo ndipo kimya kinapogharimu. Mgonjwa amesafishwa kidonda chumba cha upasuaji na kupewa antibiotiki za sindano, lakini kwenye karatasi za bima hakuna kidonda. Mkaguzi akiuliza dawa hizo zilikuwa za nini, atakuwa na haki ya kuuliza.

Kwa hiyo andika kidonda kiko wapi, kina urefu gani, kina uchafu kiasi gani, na daraja lake kwa mpangilio wa Gustilo na Anderson wa mwaka 1976: la I ni kidonda safi kisichozidi sentimita 1, la II kimezidi hapo bila nyama kuharibika sana, la III nyama zimeharibika vibaya. Msimbo wetu haubebi daraja. Wa Marekani hulibeba kwenye herufi ya saba, pamoja na upande wa mguu kwenye nafasi ya sita. Ukitafuta intaneti ukakutana na kitu kama S72.301A, huo ni wa kwao. Usiunakili kwenye fomu inayotumia kitabu cha Shirika la Afya Duniani.

Upande nao, basi, unabaki mikononi mwa mwandishi. ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, ina misimbo ya nyongeza ya kulia na kushoto, lakini ICD-10 yetu haina kwenye S72. Andika "kushoto" neno zima. Herufi moja iliyoandikwa kwa haraka si ya kuaminiwa kwenye mguu unaokwenda kupasuliwa.

Chanzo cha ajali ndicho kinachopuuzwa zaidi, nami nakiona kina uzito sawa na mfupa wenyewe. "RTA" haitoshi. Dereva wa pikipiki aliyegongana na gari dogo barabarani ni V23.4, abiria wake ni V23.5. Mtembea kwa miguu aliyegongwa na pikipiki au bajaji yuko V02. Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi ni W14, aliyeteleza sakafuni ni W01. S72 hutangulia, chanzo hufuata. Uliza mapema, hasa pale PF3 inapojazwa, kwa sababu waliomleta majeruhi huondoka, na keshoye yeye mwenyewe huenda asikumbuke lolote.

Tena, si kila paja lililovunjika ni S72. Mama ambaye mfupa umekatika akigeuka kitandani aulizwe kuhusu saratani na udhaifu wa mifupa: M90.7 huambatana na msimbo wa uvimbe wenyewe wala hauandikwi peke yake, na mifupa iliyodhoofika kwa osteoporosisi iko M80. Mtoto aliyevunjika wakati wa kuzaliwa ni P13.2. Anayerudi kliniki miezi kadhaa baadaye mfupa haujaunga ni M84.1, anayekuja kutolewa chuma ni Z47.0, na chuma kilichoingia usaha ni T84.6. Ukiwaandikia wote S72 kila wanaporudi, ripoti ya MTUHA itaonyesha mtu mmoja kavunjika paja mara nne kwa mwaka.

Mstari unaojitosheleza haumchukui daktari hata dakika mbili: "Mwanamume, miaka 27. Mvunjiko wazi wa shafti ya fupa la paja la kushoto, katikati. Kidonda sm 4 mbele ya paja, daraja la II. Mishipa ya damu na ya fahamu iko salama. Abiria wa pikipiki iliyogongana na gari dogo barabarani." Hapo S72.31 na V23.5 vinajitokeza vyenyewe. Uandike kwa Kiingereza kama ndiyo desturi ya hospitali yako; mpangilio haubadiliki.

Pakikosekana kitu, afisa kumbukumbu amrudishie daktari faili na swali lisilomwekea jibu mdomoni: "Ngozi ya paja ilikuwaje?" badala ya "Niandike mvunjiko wazi?" Jibu liingie kama nyongeza yenye tarehe, saa na saini, na mstari wa awali uachwe usomeke kama ulivyo.