Ithibati za Kriptografia katika Blokucheni: Umiliki si Utambulisho

Utangulizi

Makala haya yanalenga kubainisha jinsi umiliki unavyothibitishwa katika blokucheni, yaani daftari la pamoja la miamala ambalo nakala zake huhifadhiwa na kompyuta nyingi. Aidha, yanashikilia kuwa ithibati ya umiliki haipaswi kuchanganywa na ithibati ya utambulisho.

Ufunguo na Sahihi

Katika Bitcoin, mfumo ulioanza Januari 2009, ufunguo wa siri ni nambari ya biti 256. Kutokana nao huzalishwa ufunguo wa umma, ilhali kuupata ule wa siri kutokana na huu wa umma hakuwezekani kwa kompyuta zilizopo. Anayehamisha sarafu hutia sahihi kwa ufunguo wa siri. Yeyote mwenye ufunguo wa umma huweza kuihakiki sahihi hiyo pasi na kuuona ule wa siri. Tofauti na sahihi ya kalamu, hii hufungamana na ujumbe mmoja tu: herufi moja ikibadilika, uhakiki hushindwa.

Kisa cha Satoshi Nakamoto

Mwasisi wa Bitcoin anajulikana kwa lakabu ya Satoshi Nakamoto. Mnamo Mei 2016, Mwaustralia Craig Wright alidai kuwa ndiye. Hata hivyo, sahihi aliyoichapisha ilibainika kuwa imenakiliwa kutoka kwa muamala wa 2009 uliokuwa wazi kwa umma, haikuthibitisha lolote. Mnamo Mei 2020, ulitokea ujumbe wa kumkanusha, uliotiwa sahihi kwa funguo za anwani 145 zilizohusishwa na madai yake mahakamani. Hatimaye, Machi 2024, Jaji James Mellor wa Mahakama Kuu jijini London aliamua kuwa Wright si Satoshi. Uamuzi huo ulitokana na uchunguzi wa nyaraka na ushahidi wa mashahidi, wala si sahihi ya kidijitali.

Hitimisho

Kisa hiki kinadhihirisha mipaka ya hisabati. Sahihi huthibitisha kuwa ufunguo ulitumiwa. Haitaji jina la aliyeutumia wala uhalali wa kuupata. Mwizi wa ufunguo, machoni pa daftari, ni sawa na mwenyewe. Kwa mintarafu hii, wanaistilahi wa Kiswahili wangefanya vyema kutofautisha 'mmiliki' na 'mshika ufunguo', kwani anayeyachanganya maneno haya mawili huenda akaja kuichanganya haki yenyewe.