Gari la Gesi Likichemsha: Kabla Hujakubali Kufunguliwa Hedi

Safari hii naomba tuweke vitabu pembeni kidogo, tuinue boneti. Wengi wetu hapa Uingereza tunanunua magari ya zamani yaliyofungwa mfumo wa gesi ya LPG, kwa kuwa lita ya gesi ni rahisi kuliko ya petroli, ingawa vituo vya kuiuza vimepungua sana. Halafu siku moja mshale wa temperecha unapanda, unakimbilia gereji, na jibu linakuwa moja tu: gasketi ya hedi imekufa.

Mimi niliambiwa hivyo Januari 2023, baada ya gari kuchemsha njiani kati ya Leeds na Sheffield. Gereji waliona mapovu kwenye chupa ya maji, wakaniandikia pauni 900. Gari lenyewe nilinunua 1,100! Ningekuwa na hela siku ile ningelipa, na ningelipa bure.

Sasa tuingie kwenye somo. LPG ni propani na butani. Ndani ya tangi imekaa kimiminika kwa sababu ya presha, na ili injini iitumie, kwa kawaida inageuzwa kwanza kuwa mvuke. Kugeuka huko kunakula joto. Unakumbuka mtungi wa jikoni kule nyumbani, ukichemshia maharage muda mrefu, unavyopoa na kutoka jasho? Ni jambo lile lile. Ndiyo maana aliyefunga gesi aliweka kifaa kinachoitwa vepuraiza, akaunganisha na mipira ya maji ya hita ili maji ya moto ya injini yapite humo. (Hata magari ya gesi asilia pale Dar es Salaam yana kifaa cha kupunguza presha kinachopashwa moto na maji ya injini, kwa hiyo somo hili litakufaa hata ukirudi.)

Unaona mambo yalivyo? Mfumo wa gesi unategemea mfumo wa kupoza injini. Kila mpira na kila kiungo kilichoongezwa ni mahali pengine pa kuvuja. Na vepuraiza ikifungwa juu kuliko usawa wa maji, hewa inanasa humo.

Swali la kwanza basi: gari linachemsha kwa gesi tu, au hata kwa petroli? Likichemsha kwa zote mbili, usianze na gesi. Angalia maji, feni, themostati, wota pampu, rejeta iliyoziba. Likichemsha kwa gesi peke yake, huenda gesi inayofika ni kidogo mno kwa hewa iliyopo, labda filta yake imeziba, au vepuraiza yenyewe ina kasoro. Jaribio hili lifanye gari likiwa limesimama, na mshale ukikaribia nyekundu zima. Usiende nalo barabarani kwa ajili ya utafiti.

Dalili ya pili mimi naipenda kwa sababu haina gharama. Washa hita. Ikitoa hewa baridi wakati mshale uko juu, na ukichungulia ukaona vepuraiza imeganda barafu, maji hayazunguki. Ama yamepungua, ama kuna hewa imenasa, ama pampu haisukumi. Inashangaza kuona barafu na kuchemsha kwenye injini moja, lakini chanzo ni kimoja. Na mshale ukishuka ghafla wenyewe usishangilie: maji yanaweza kuwa yameshuka mpaka kihisio hakiyagusi tena.

Sasa yale mapovu. Kwa gari la petroli tupu, mapovu yasiyoisha kwenye chupa ya maji ni sababu nzuri ya kuishuku gasketi. Kwa gari la gesi kuna mtuhumiwa wa pili: ndani ya vepuraiza gesi na maji vimetenganishwa, na kizuizi hicho kikipasuka gesi inasukumwa ndani ya maji. Utaona mapovu, mipira inakuwa migumu, maji yanamwagika, injini inachemsha. Utadhani gasketi kabisa! Fundi mmoja wa gesi alinionyesha namna ya kutofautisha. Injini ikiwa baridi, alifunga gesi kwenye valvu ya tangi, akaacha gari likimbie na petroli mpaka likapata moto. Mapovu yakakoma. Kisha akatumia ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na moshi uliotoka kwenye silinda. Ikabaki buluu. Gesi mbichi ya LPG haiigeuzi rangi, moshi wa injini unaigeuza. Ingegeuka njano, ningerudi kuzungumzia hedi, kwa shingo upande.

Tulibadilisha vepuraiza, tukajaza maji na kutoa hewa, nikalipa pauni 210 pamoja na kazi.

Mambo mawili ya usalama. Mfuniko wa maji usiufungue injini ikiwa ya moto. Maji yale yako kwenye presha, yatakurukia usoni. Na ukisikia harufu ya gesi kwenye chupa ya maji, usiwashe hata njiti. LPG ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, hasa ndani ya gereji iliyofungwa. Lisukumeni gari nje, fungeni valvu ya tangi, mpigieni fundi mwenye cheti cha gesi.