Chunguza Uzi Kabla ya Kununua Nguo

Pamba ni zao la miaka mingi katika mikoa ya Shinyanga na Geita. Hata hivyo, tufikapo dukani macho yetu huvutwa na rangi na bei, nasi husahau kuuchunguza uzi, ilhali uimara wa nguo hutegemea uzi wake.

Viwanda husokota pamba kwa njia kuu mbili. Katika njia ya pete, nyuzinyuzi hunyooshwa, kisha husokotwa pamoja. Uzi wake huwa laini na wenye nguvu. Nyuzinyuzi zikichanwa kwanza ili kuondoa zilizo fupi, ubora huongezeka, na bei pia. Katika njia ya rota, iliyoenea viwandani tangu miaka ya 1960, nyuzinyuzi hutenganishwa, kisha husokotwa ndani ya chombo kinachozunguka kwa kasi kubwa. Uzi huu ni nafuu na unene wake ni sawa, lakini kwa kawaida nguvu yake ni pungufu. Unafaa kwa jinzi na vitambaa vizito. Njia zote mbili ni halali. Kosa ni kulipia uzi bora na kupewa hafifu.

Tunamshauri mnunuzi afanye haya:

1. Inua kitambaa kwenye mwanga. Uzi wenye sehemu nene na nyembamba hukatika mapema penye wembamba.

2. Sugua kwa kidole gumba. Manyoya yakitokeza upesi, nyuzinyuzi fupi ni nyingi, na nguo huenda ikaota vinundu.

3. Omba uzi mmoja kutoka ukingo uliokatwa, uufungue msokoto. Uzi wa pete huachana kirahisi. Wa rota haufunguki wote, kwa kuwa nyuzinyuzi nyingine zimeuzungukia kama mkanda.

4. Uchome uzi huo nje, mbali na bidhaa. Pamba hunuka kama karatasi iunguayo na kuacha majivu mepesi. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu.

Kwa mchomeleaji vyuma katika karakana za machimbo ya Geita, jaribio la nne si suala la fedha tu. Poliesta ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi. Nguo ya kazi inayouzwa kwa jina la pamba tupu na iwe pamba tupu.

Dai risiti kila ununuapo. Bidhaa isipolingana na maelezo yake, irudishe kwa muuzaji; msipoafikiana, peleka lalamiko lako Tume ya Ushindani.