Unakwenda kwa nani? Jinsi ya kujibu maswali ya mpakani

Somo la leo ni lako wewe uliye kidato cha tano au cha sita, au unayesubiri matokeo, na una mpenzi anayeishi nchi nyingine. Labda mlikutana kwenye mashindano ya michezo, labda kwenye kwaya, labda kwenye simu tu. Mmezungumza miezi mingi. Sasa anasema, "Njoo basi unitembelee." Wewe uko Arusha, yeye yuko Nairobi. Nauli ipo, na moyo unakwenda mbio.

Lakini kati yako na yeye kuna dirisha la afisa uhamiaji, na nyuma ya dirisha kuna maswali. Vijana wengi hapo hutetemeka. Wengine huona aibu kutaja neno "mpenzi", basi hutunga hadithi: "Naenda kwa shangazi." Tuelewane mapema. Kuwa na mpenzi si kosa mpakani, ila kumdanganya afisa ni kosa. Tena maswali yake ni yale yale ambayo wewe mwenyewe ungepaswa kujiuliza kabla hujakata tiketi. Ukishindwa kumjibu yeye, huenda hata wewe hujui unakwenda kwa nani.

KWANZA, UMRI

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kenya nayo umri ni huo huo. Kwa hiyo kama hujafikisha miaka 18, safari ya peke yako kwenda kwa mpenzi iweke pembeni. Kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006, mtu mzima anayefanya mapenzi na mtoto anatenda kosa kubwa, hata kama mtoto mwenyewe anasema alikubali. Usiseme tunakubania. Mpenzi wa kweli atasubiri, au atakuja yeye kwenu kwa mlango wa mbele na kuwasalimia wazee.

KWA NINI WANAULIZA?

Afisa haulizi kwa sababu ni mbea. Ana mambo matatu anayotaka kuyajua.

1. Je, wewe ndiye mwenye pasipoti hii, na sababu ya safari ni ya kweli?

2. Je, utarudi kwenu, au unakwenda kufanya kazi bila kibali?

3. Je, uko salama, au kuna mtu anakusafirisha ili akutumie?

Hilo la tatu wengi hawalifikirii. Tanzania ilitunga sheria dhidi ya biashara haramu ya binadamu mwaka 2008, na Kenya ikatunga yake mwaka 2010. Wanaofanya biashara hiyo si lazima watumie kamba wala bunduki. Hutumia ahadi ya kazi, ya masomo, ya ndoa, na ya mapenzi. Kijana akishafika, pasipoti inachukuliwa "ili itunzwe vizuri", simu inachukuliwa, na nauli aliyotumiwa inageuka deni. Hayo huwapata wasichana, na wavulana pia. Kwa hiyo afisa anapokuuliza, "Huyo mtu unamjua?" usimkasirikie. Anaweza kuwa mtu wa mwisho kukuuliza hivyo ukiwa bado una uwezo wa kugeuza.

PALE NAMANGA

Tuchukue safari moja inayofahamika na wengi. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018. Ukiwa unaingia Kenya, maofisa wa Tanzania na wa Kenya wako katika jengo moja. Unashuka kwenye basi, unapanga mstari, Tanzania wanakugongea muhuri wa kutoka, kisha Kenya wanakugongea wa kuingia.

Unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Huenda umesikia kwamba watu wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Ni kweli, nchi hizo tatu zilikubaliana hivyo mwaka 2014. Tanzania haikuwamo, kwa hiyo usiende na kitambulisho cha NIDA peke yake ukategemea huruma.

Kwa taratibu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, raia wa nchi mwanachama hupewa kibali cha kuingia cha hadi miezi sita, bure. Lakini siku unazopewa ni zile alizoandika afisa kwenye pasipoti yako, kwa hiyo zisome kabla hujaondoka dirishani. Kibali hicho ni cha kutembea tu. Hakikuruhusu kufanya kazi, hata ya kumsaidia mpenzi dukani kwake.

Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana unaweza kuulizwa. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu mwaka 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yako yote, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kadi ya miaka kumi iliyopita "imeisha".

SIKILIZA MAZUNGUMZO HAYA

Huu ni mfano wa dada wa miaka 19 aliyejiandaa.

Afisa: Unaenda wapi?

Msafiri: Habari za kazi. Nakwenda Nairobi, South B.

Afisa: Kufanya nini?

Msafiri: Kumtembelea rafiki yangu wa kiume.

Afisa: Rafiki tu ama ni bwana yako?

Msafiri: Ni mpenzi wangu. Hatujaoana.

Afisa: Mmejuana kwa muda gani?

Msafiri: Mwaka mmoja na miezi minne. Amekuja Arusha mara mbili, na dada yangu anamfahamu.

Afisa: Yeye anafanya kazi gani?

Msafiri: Bado anasoma chuo, mwaka wa pili. Namba yake ya simu ni hii.

Afisa: Utakaa kwake?

Msafiri: Hapana, nitalala kwa binamu yangu. Anwani hii hapa.

Afisa: Siku ngapi?

Msafiri: Siku tano. Tiketi ya kurudi Jumapili ninayo.

Afisa: Na pesa ya kutumia uko nayo?

Msafiri: Ninayo, shilingi elfu kumi na mbili za Kenya.

Afisa: Wazazi wako wanajua uko hapa?

Msafiri: Mama anajua. Hii ni namba yake.

Umeona? Majibu ni mafupi. Hakutoa hotuba kuhusu mapenzi yao wala hakuonyesha picha ambazo hakuombwa. Alipoulizwa "rafiki ama bwana" hakukasirika. Alisema ukweli na kunyamaza. Kama hujasikia swali, sema, "Samahani, sijaelewa." Kama kitu hukijui, sema hukijui. Ni bora kuliko kubahatisha.

Sasa mchukue yule wa "naenda kwa shangazi". Afisa atamuuliza: Shangazi anaitwa nani? Anakaa mtaa gani? Hebu mpigie. Kwa maswali hayo matatu uongo umeisha. Hapo hata ukianza kusema ukweli, nani atakuamini? Unawekwa pembeni, basi linaondoka, na unaweza kurudishwa. Kosa halikuwa mpenzi. Kosa lilikuwa shangazi asiyekuwepo.

YAJIBU KWANZA NYUMBANI

Kaa chini na kalamu na karatasi. Andika majibu ya maswali haya kabla hujapakia nguo.

- Jina lake kamili ni lipi, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake?

- Anaishi mtaa gani, na anaishi na nani?

- Tumewahi kuonana ana kwa ana? Kuna mtu wangu yeyote anayemjua?

- Nitalala wapi? Kama mambo yakiharibika usiku, nitakwenda kwa nani?

- Nani amelipa nauli, na anategemea nini kwa malipo hayo?

- Nauli ya kurudi iko mfukoni mwangu, au iko kwake?

- Nani kwetu anajua ninakokwenda na siku ya kurudi?

Kama nusu ya karatasi iko tupu, usisafiri bado. Hatusemi umwache. Mwambie aje yeye kwanza, mkutane mchana, mahali penye watu. Akikasirika kwa sababu umemuuliza jina lake kamili, basi umeshapata jibu bila kulipa nauli.

Swali la nani amelipa nauli lina uzito wake kiafya. Wapo wanaosikia maneno haya wakishafika: "Nimekulipia basi, nimekununulia chakula, sasa unanikatalia?" Nauli hainunui mwili wa mtu. Ulikubali kumtembelea, hukukubali kila kitu. Una haki ya kusema hapana ukiwa mlangoni, ukiwa kitandani, hata kama juzi ulisema ndiyo. Lakini ni rahisi zaidi kusema hapana ukiwa na nauli ya kurudi mfukoni na mahali pengine pa kulala.

Na kama mmekubaliana kufanya mapenzi, zungumzeni kupima VVU na njia ya uzazi wa mpango kabla ya safari. Beba kondomu zako mwenyewe, mvulana na msichana. Kondomu kwenye begi si kosa mpakani. Kama unatumia dawa za ARV au dawa nyingine yoyote, ziache kwenye kopo lake, uwe na kadi ya kliniki, na beba za kutosha pamoja na siku chache za ziada.

YA KUKATAA

Usipite njia ya panya. Namanga watu huvuka kwa miguu na inaonekana kama mchezo. Lakini bila muhuri uko Kenya kinyume cha sheria, na mtu mwenye nia mbaya anajua utaogopa kwenda polisi au hospitali. Ikitokea umebakwa, unahitaji hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Hata kama huna muhuri, nenda. Uhai kwanza.

Usimpe mtu pasipoti yako. Afisa anaikagua na kuirudisha. Mpenzi hana kazi nayo.

Usitoe kitu kidogo. Kibali ni bure. Ukiambiwa ulipe, omba risiti kwa heshima.

Usitoe namba yako kwa afisa anayetaka "kukupigia jioni". Namba ya mwenyeji wako ni sehemu ya kazi yake. Mambo ya jioni siyo. Omba kuonana na mkubwa wake.

UKIENDA MBALI ZAIDI

Kama mpenzi yuko Uingereza au Ujerumani, maswali ni yale yale, ila yanaanzia kwenye maombi ya viza. Huko wanataka sana kujua kwamba utarudi. Barua ya shule au ya nafasi ya chuo, tiketi ya kurudi na maelezo ya nani anagharamia vinasaidia. Viza ya matembezi ya Uingereza kwa kawaida ni ya hadi miezi sita. Nchi za Schengen huruhusu mgeni kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180.

Kuwa na viza hakumalizi maswali. Uwanja wa ndege utaulizwa tena, na majibu yafanane na yale uliyoandika kwenye fomu. Ukidanganya kwenye maombi ya viza ya Uingereza, unaweza kunyimwa viza kwa miaka 10. Na kama mnapanga kufunga ndoa huko, viza ya kawaida ya matembezi haitoshi. Kuna viza yake. Kwa hiyo asikuambie mtu, "Wewe sema unakuja kutalii, mengine tutayamaliza huku." Wewe ndiye utakayesimama dirishani, si yeye.

UKIPATA SHIDA

Tanzania na Kenya zote, namba 116 ni ya kusaidia watoto, na kuipiga ni bure. Kenya kuna pia 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Nairobi kuna Ubalozi wa Tanzania. Andika namba hizi kwenye karatasi na uifiche kwenye kiatu au mfuko wa ndani, maana simu inaweza kuisha chaji au kuchukuliwa.

ZOEZI LA KLABU

1. Gawaneni wawili wawili. Mmoja awe afisa, mwingine msafiri. Tumieni maswali ya mazungumzo yetu, kisha mbadilishane. Ni swali gani lilikuwa gumu zaidi, na kwa nini?

2. Rafiki yako ametumiwa tiketi ya kwenda tu na mtu ambaye hajawahi kuonana naye. Utamwambia nini bila kumdharau?

3. Mvulana wa miaka 20 anataka kumwalika mpenzi wake kutoka ng'ambo ya mpaka. Taja mambo matatu anayopaswa kumpa kabla hajasafiri, ili naye afike akiwa na amani.

Jadilianeni kwa uhuru, na mkaka au mdada asicheke jibu la mwenzake. Safari njema kwa aliye tayari. Ambaye karatasi yake bado ina mapengo, ajue basi la Nairobi lipo kila siku.