MGENI NJOO, MWENYEJI APONE



Wapenzi wasomaji, wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi methali hii hutajwa kwa kicheko, pale mgeni anapofika, jogoo akachinjwa, na watoto wa nyumbani nao wakapata mnofu. Mwezi huu tuitazame kama somo la afya. Je, ni kweli kwamba kupokea wageni, kutembea pamoja na kufanya kazi za mikono kwa kujifurahisha huweza kumponya mtu? Na je, yawezekana karamu hiyo hiyo ikaleta ugonjwa nyumbani? Maswali yote mawili jibu lake ni ndiyo. Tofauti iko mikononi mwa mwenyeji.

1. Mgeni aliyeiponya Karema

Hapa kwetu methali hii ilitimia kwa namna ya pekee. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome Karema, na mwaka 1885 Mapadre Weupe wakaipokea na kuifanya misioni. Mwaka 1889 alifika hapo kijana Mwafrika aliyeitwa Adriano Atiman. Alikuwa mgeni kweli kweli. Alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara akiwa mtumwa, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, kisha akapelekwa kusomea udaktari katika kisiwa cha Malta.

Kijana huyo angeweza kubaki mgeni siku zote, asiye na ndugu wala lugha. Lakini Karema ilimpokea. Alioa binti wa huku, akaishi na watu, akawatibu na kuwafundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 ya huduma. Wenyeji walimpa nyumba na undugu, naye akawapa uzima. Basi tusidharau mlango uliofunguliwa kwa mgeni.

2. Upweke nao ni adui wa afya

Tumezoea kuogopa malaria na kuhara. Upweke hatuuogopi, kwa sababu hauna homa. Lakini taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwezi Juni 2025 ilisema kwamba mtu 1 kati ya kila watu 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka vinahusiana nao. Mtu mpweke yuko katika hatari zaidi ya kupatwa na magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari na sonona.

Tusidhani kwamba hilo ni tatizo la Ulaya tu. Mama ambaye mumewe yuko kambi ya uvuvi miezi mingi, mzee ambaye watoto wake wote wamekwenda mjini, mjane aliyeacha kualikwa tangu siku ya arobaini ya marehemu, kijana aliyehamia huku kutafuta mashamba na hana ukoo hapa: hao wote wanaweza kukaa katikati ya watu na bado wawe peke yao.

Zijue dalili za sonona. Mtu hukosa usingizi au hulala mno, hapendi chakula, analia ovyo au amenyamaza tu, hafurahii tena mambo aliyoyapenda, anajiona hana faida. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, apelekwe zahanati au hospitali. Akisema maneno ya kutaka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe siku hiyo hiyo. Asiambiwe kwamba ana imani haba. Ugonjwa huu una matibabu, na sala inakwenda pamoja na matibabu.

3. Kazi za mikono zinazotuliza moyo

Kusuka mkeka na vikapu, kufinyanga vyungu, kufuma vitambaa vya meza, kushona, kuchonga, kuimba kwaya, kupiga ngoma, kucheza bao: mambo haya si uvivu wala si ya watoto tu. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000. Ilionyesha kwamba sanaa husaidia kuzuia magonjwa, hutuliza wasiwasi na huwasaidia wagonjwa kuvumilia matibabu.

Ukitazama utaona sababu. Anayesuka ukili huhesabu miguu ya ukili, macho na vidole vyake vina kazi, na mawazo mazito hupungua nguvu. Mwanakwaya huvuta pumzi kwa kina na kuitoa polepole, na kila wiki kuna watu wanaomngojea, asipofika, atatafutwa. Mchezaji wa bao ana mashimo 32 na kete 64 za kufikiria. Akili ya mzee hupata zoezi, naye hupata mwenzake wa kutaniana naye.

Zingatieni mambo matatu. Kwanza, fanyeni kazi hizo kwenye mwanga wa kutosha, na kila baada ya muda simameni mnyooshe mgongo. Pili, msiigeuze kila kazi ya mikono kuwa biashara. Ni vizuri kuuza mkeka, lakini mkeka wa kumpa rafiki nao una faida yake. Tatu, akina baba wawape wake zao nafasi. Mama anayeamka alfajiri na kulala wa mwisho hawezi kufuma kitambaa, hata akipenda, mpaka mtu mwingine achote maji na kuosha vyombo.

4. Matembezi ya karibu

Katika Injili ya Marko, sura ya 6, aya ya 31, Bwana Yesu aliwaona mitume wamechoka kwa kazi, hata nafasi ya kula hawana, akawataka waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Jumapili baada ya Misa ni nafasi nzuri kwa familia kutembea pamoja. Mtu mzima anahitaji walau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila wiki. Kutembea kwa miguu kwa nusu saa, siku tano, kunatosheleza hesabu hiyo.

Si lazima kwenda mbali. Wapelekeni watoto waone misioni ya Karema, muwasimulie habari za Atiman. Waelezeni pia kwamba ngome ilipojengwa, maji ya ziwa yalikuwa juu kuliko baadaye. Katika miaka hiyo hiyo ya mwisho wa karne ya 19, mto Lukuga upande wa Kongo ulifunguka ukayatoa maji, na ziwa likashuka kwa mita nyingi. Mtoto aliyesimama mahali penyewe hatalisahau somo hilo. Walio karibu na Mpanda wanaweza kuungana, wakachanga nauli na kiingilio, na kwenda Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, kuona viboko wa mto Katuma.

Matembezi yana tahadhari zake:

(a) Kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi. Watoto wasicheze kwenye maji yaliyotulia yenye majani, hasa mchana jua likiwa kali. Asiwepo wa kujisaidia majini au ufukweni, maana hapo ndipo ugonjwa unapoanzia. Mwenye damu kwenye choo au mkojo apimwe; dawa ipo.

(b) Mamba na viboko. Ulizeni wenyeji mahali palipo salama. Msikae kati ya kiboko na maji.

(c) Mbung'o. Huuma mchana na huweza kuleta malale. Hupenda nguo za rangi ya buluu na nyeusi. Vaeni nguo za rangi ya udongo zenye mikono mirefu.

(d) Mtumbwi. Usijazwe kupita kiasi, na kila mtu avae boya. Upepo ukianza kuvuma, ahirisheni safari. Aliyelewa asiendeshe.

5. Karamu safi

Sasa tufike nyumbani. Kipaimara, Komunyo ya kwanza, ndoa, somo wa Jumuiya, au rafiki tu aliyekuja kusalimia: sherehe zote hizi huanzia kwenye maji. Ziwa letu ni zuri na maji yake huonekana meupe, lakini macho hayaoni vijidudu. Mwezi Mei 2015 wakimbizi kutoka Burundi walisongamana katika kijiji cha Kagunga, mkoani Kigoma, kando ya ziwa hili hili. Kipindupindu kilizuka na maelfu ya watu wakaugua. Palipo na watu wengi, maji machafu na vyoo vichache, ugonjwa huo hauchelewi. Na mgonjwa asipotibiwa anaweza kufa kwa muda wa saa chache.

Mwenyeji mwema afanye hivi:

(a) Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelezo. Yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko, na yatolewe kwa kata yenye mpini. Kila mtu asitumbukize kikombe chake.

(b) Msinawe wote katika bakuli moja. Wa mwisho hunawa uchafu wa wote. Kijana mmoja ashike jagi amiminie wageni maji, na sabuni iwepo. Afadhali zaidi, tengenezeni kibuyu chirizi karibu na choo na kingine karibu na mahali pa kulia.

(c) Mwenye kuhara au kutapika asipike wala asipakue, hata kama ndiye fundi wa pilau. Apewe kazi nyingine, au apumzike.

(d) Dagaa, migebuka na nyama viive mpaka ndani. Kachumbari ioshwe kwa maji yaliyotibiwa. Kisu na ubao wa nyama mbichi visitumike kwa kachumbari kabla ya kuoshwa.

(e) Chakula kilichopikwa kisikae wazi zaidi ya saa mbili. Kiporo kipashwe mpaka kichemke. Padre au mgeni rasmi akichelewa, afadhali watu wale kikiwa cha moto, yeye apikiwe chake.

Mtu akianza kuhara maji maji, asingoje sherehe iishe. Mpeni maji ya chumvichumvi. Kama pakiti hakuna, chukueni lita 1 ya maji safi, tieni vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka viyeyuke. Anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

6. Pombe isiwe mwenyeji

Katika nyumba nyingi mwenyeji hupima heshima yake kwa wingi wa pombe. Tuseme wazi: gongo ni hatari. Huweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua. Hata pombe nyingine, zikizidi, huleta ugomvi, ajali za pikipiki na machozi ya usiku. Wekeni uji, chai, juisi ya matunda na togwa viwe vingi, tena viandaliwe mbele, visifichwe kama chakula cha watoto. Malizeni sherehe mapema, na msichana asirudi nyumbani peke yake usiku. Hapo mtawalinda vijana na mimba za utotoni, ukimwi na kudhulumiwa.

7. Nani hajaalikwa?

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu aliwafundisha wenyeji wasiwaite tu rafiki na jirani matajiri, bali maskini, vilema na vipofu, wasio na cha kurudisha. Hili nalo ni agizo la afya. Mwenye rafiki kumi, karamu humwongezea furaha kidogo. Asiye na mtu, kualikwa mara moja kunaweza kuwa mwanzo wa kupona.

Wala msingoje fedha. Karamu si lazima iwe na mbuzi. Mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, mkeka chini ya mwembe, bao pembeni, na mtu mmoja aliyekuwa amesahauliwa: hiyo ni karamu kamili. Na kama mzee hawezi kutembea, karamu imfuate kwake. Mkienda, msimpelekee sahani na kuondoka. Kaeni mle naye. Chakula kilichoachwa mlangoni hushibisha tumbo tu.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani hajatembelewa tangu mwezi uliopita? Nani atakwenda, na siku gani?

2. Katika sherehe yetu ya mwisho, watu walinawa wapi na walikunywa maji gani? Tubadili nini?

3. Ni kazi gani ya mikono ambayo wazee wetu wanaijua na vijana hawaijui? Tupange siku gani wafundishane?

4. Je, akina mama wa Jumuiya yetu wanayo nafasi ya kupumzika siku ya Bwana? Kama hawana, akina baba na vijana watachukua kazi ipi?

Mwezi huu kila familia ifanye jambo moja: imwalike mtu mmoja ambaye haijapata kumwalika, na imwekee maji safi ya kunawa kabla ya kumwekea chakula. Mungu awabariki, na awajalie wageni wema.