*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Mizani Iliyo Chini ya Mbavu Zako*



Ndugu zangu, mama zetu na baba zetu wa msikiti wetu, alhamdulillah tumeifikia siku ya 12. Tafakuri ya leo ni ndefu kidogo kuliko ya jana. Ukiwa na haraka iweke, uisome baada ya Dhuhri, ila tafadhali usiiache. Ndani yake mna jambo linalowahusu wazee wetu majumbani, na kwa idhini ya baba yangu mzazi nitasimulia lililomfika Ramadhani iliyopita.

Katika Surat Ar-Rahman, mizani imetajwa mara tu baada ya mbingu. Tukisoma hapo, mawazo yetu huenda juu, kwenye jua na mwezi na nyota zisizogongana. Leo tushuke. Tuitazame mizani nyingine, ile iliyomo mwilini mwako saa hii unaposoma huku umefunga.

*Kijiko kimoja cha sukari*

Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Sasa jiulize: ndani ya damu yote hiyo mna sukari kiasi gani? Ni gramu 4 au 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai! Kile unachokorogea kwenye kikombe chako, tena wengine hukoroga vitatu.

Kijiko hicho kikipungua sana, ubongo unaanza kuzima kama taa iliyoishiwa mafuta, maana ubongo hula sukari kuliko kiungo kingine chochote ukiulinganisha na uzito wake. Kikizidi kwa muda mrefu, macho, figo na mishipa ya damu huharibika. Kwa hiyo mwili unakilinda usiku na mchana, ule au usile. Wataalamu huita kazi hiyo homeostasisi, yaani mwili kuweka hali yake ya ndani sawa hata kama nje mambo yanabadilika.

*Siku moja ya mfungaji*

Tuifuate saumu yako saa kwa saa.

_Saa 10 alfajiri._ Umekula daku. Chakula kinageuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo, linatoa homoni ya insulini, ambayo huwafungulia mlango misuli na ini wachukue sukari ile. Ini, hapo chini ya mbavu za kulia, linaweka akiba. Akiba hiyo inaitwa glikojeni, na Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeitambua, katika karne ya 19. Ghala la ini hubeba kama gramu 100 tu.

_Saa 4 asubuhi._ Chakula cha daku kimeshapita. Kongosho linapunguza insulini lenyewe, bila kuambiwa na mtu, kisha linatoa homoni nyingine, glukagoni, ambayo hulipigia hodi ini: fungua ghala. Ini linaachia sukari kidogo kidogo. Wewe uko dukani unauza, au uko darasani, huna habari. Kijiko chako kiko palepale.

_Adhuhuri._ Jua kali. Mwili unataka ubaki kwenye nyuzi joto 37 hivi, basi unatoa jasho, na jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Ndiyo maana huku Pwani, hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho linatiririka tu bila kukauka na tunaona joto maradufu. Maji yamepungua. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo mfano wa lozi, haipothalamasi, ambayo huonja chumvi ya damu. Ikiona damu imeanza kukolea, inafanya mambo mawili: inakutia kiu, na inazipelekea figo amri ya kubana maji. Figo zako huchuja kama lita 180 kwa siku, yaani ndoo 9 za lita 20! Lakini mkojo unaotoka ni lita 1 au 2 tu, na karibu yote iliyobaki inarudishwa kwenye damu. Ukienda chooni alasiri ukaona mkojo ni mchache na umekoza rangi, ujue figo ziko kazini.

_Saa 10 jioni._ Ghala la ini limepungua sana. Mwili unazidi kuchoma mafuta uliyokuwa umejilimbikizia, na ini linatengeneza sukari mpya kutokana na vitu vingine ili ubongo usikose. Kijiko bado kiko palepale. Subhanallah.

_Magharibi._ Adhana. Tende, funda la maji, Alhamdulillah.

Huku kwetu karibu na ikweta saumu ni saa 13 na kitu. Akiba ya ini la mtu mzima wa afya, ikisaidiwa na mafuta, inazitosha saa hizo. Na Mtume wetu (S.A.W.) aliukataza umma wake kuunganisha saumu siku kwa siku bila kufuturu. Akatuhimiza tuharakishe kufuturu na tuchelewe daku. Sisemi kwamba hadithi zimekuja kutufundisha biolojia, la. Nasema aliyetufaradhishia saumu ndiye aliyeuumba mwili huu, na anaujua kiasi chake.

*Alasiri ile*

Sasa nije kwa baba yangu.

Baba ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi na anatumia vidonge. Kila Ramadhani alikuwa anafunga yote. Na mimi mwanawe nilikuwa najivunia, nasema mbele za watu: "Mzee wangu ana sukari, lakini hajaacha hata siku moja!" Watu wanasema ma shaa Allah. Yeye anasikia, anatabasamu.

Siku hiyo daku lake lilikuwa tende mbili na chai, akameza kidonge chake kama kawaida, akalala. Alasiri tulikuwa safu ya pili. Tulipotoa salamu nikaona kanzu yake imelowa jasho mgongoni, mikono inatetemeka. Nikamwita, "Baba?" Akanijibu kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufariki. Mtu mmoja akasema, "Ni saumu tu hiyo, mpepeeni." Bahati njema alikuwapo kijana muuguzi na alikuwa na mashine ya kupimia. Akamtoboa kidole: 2.4. Mtu mwenye afya, hata akiwa hajala, hubaki karibu na 4 mpaka 5 na nusu kwa kipimo hicho.

Akaletewa maji ya sukari. Akaziba mdomo kwa mkono. "Imebaki kidogo tu, mwanangu. Niacheni nimalize." Imamu wetu akapiga magoti mbele yake, akamshikia kikombe mwenyewe, akamwambia, "Mzee wangu, kunywa. Kunywa kwako sasa hivi ndiyo ibada." Ndipo akanywa. Robo saa baadaye alinitambua.

Usiku ule alilia. Hakulia kwa maradhi, alilia kwa siku moja aliyoona ameipoteza. Na mimi nilijua kwamba maneno yangu ya kujivunia yalikuwa na sehemu katika alasiri ile.

*Kongosho linajua kuacha, kidonge hakijui*

Kwa nini ilitokea? Rudi kule saa 4 asubuhi. Kongosho zima linapoona sukari inashuka, linapunguza insulini lenyewe. Ndiyo siri ya mizani: kila upande una anayesukuma na kila upande una anayezuia. Lakini sindano ya insulini ikishaingia, na baadhi ya vidonge vya sukari vikishamezwa, hufanya kazi yake umekula au hukula. Havina macho. Vinaendelea kuteremsha sukari wakati hakuna kinachoingia. Si dawa zote ziko hivyo, zipo ambazo hatari yake ni ndogo, na ndiyo maana mtu asijipangie mwenyewe. Wala asiache dawa kwa sababu amefunga, maana hapo sukari hupanda, nayo inaua vilevile.

Kule kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio, ni king'ora cha mwili wenyewe. Maneno kuchanganyika ni ubongo unaoanza kukosa mafuta. Mwili wa baba ulikuwa unapiga kelele, na sisi tukasema ni saumu tu.

*Ruhusa ni ya Mwenye amri*

Aya ya 184 na ya 185 za Surat Al-Baqara, zilezile tunazozisoma kuthibitisha faradhi ya saumu, ndizo zilizomtoa mgonjwa na msafiri. Hazikuwekwa mbali, mwisho wa Msahafu. Ziko ndani ya amri yenyewe, na Allah akabainisha kuwa anatutakia wepesi.

Na mwaka wa 8 Hijria, Mtume (S.A.W.) alisafiri kuelekea Makka katika Ramadhani. Alipofika Kuraa al-Ghamim na watu saumu imewalemea, aliitisha maji, akayainua hadi watu wakayaona, akanywa mchana. Alipoambiwa baadaye kuwa wapo walioendelea kufunga, aliwaita waasi. Hebu tulitafakari hilo. Watu wamefunga, na wanaitwa waasi, kwa sababu walitaka kuwa na bidii kuliko yule aliyewafundisha bidii.

Mwili wako si mali yako, ni amana. Salman alimkumbusha Abu Dardaa kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akasema Salman amesema kweli.

Baba sasa amekubali. Daktari alimwambia asifunge, akamuuliza na sheikh, akaelekezwa kutoa fidia, kulisha maskini kwa kila siku, kwa kuwa maradhi yake hayatarajiwi kupona. Kila siku chakula cha mtu mmoja kinatoka nyumbani kwetu, na anakipakua mwenyewe. Mwaka huu nilimkuta jikoni anaonja chumvi ya mchuzi wa fidia, akacheka: "Hii nayo ni saumu yangu."

*La kufanya*

1. Mwenye sukari, presha, figo, mjamzito au anayenyonyesha: muone daktari kuhusu saumu yako, kisha muulize sheikh. Wote wawili, si mmoja.

2. Kama umeruhusiwa kufunga na una sukari, pima mchana. Wanazuoni wa zama zetu wamebainisha kwamba tone la damu la kupimia halibatilishi saumu.

3. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, fungua hapohapo, hata kama imebaki dakika 10. Ikiwa imepanda, kunywa maji na uwasiliane na daktari. Na kama una dalili na huna mashine, usisubiri, fungua.

4. Aliyeshukiwa na sukari na bado anaweza kumeza: vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu kikombe cha juisi yenye sukari. Baada ya dakika 15 mpime tena. Akiwa sawa, ale chakula.

5. Aliyezimia: usimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

6. Wenye afya: chelewesha daku na ule chakula kinachokaa tumboni, kama maharage, mayai, dona, ndizi. Wakati wa futari, kaimati na juisi visitangulie kila kitu. Kongosho lako limetulia kutwa nzima, usiliamshe kwa rungu.

Na kazi ya leo kwa sisi vijana: ukimkuta mzazi wako, usimuulize "Umefunga?" Muulize, "Umekula nini daku? Dawa umemeza saa ngapi?" Na ukimwona mtu mzima anakunywa maji mchana, mdhanie wema. Huenda anamtii Mola wake kwa njia iliyo nzito kuliko yako.

Ewe Allah, tunakushukuru kwa mizani uliyoiweka ndani yetu na inayofanya kazi tukiwa tumelala. Wape shifaa wagonjwa wetu, waondolee huzuni walioshindwa kufunga, na uwaandikie ujira kwa nia zao. Zikubali saumu zetu na fidia zetu. Amin.

Mfikishie tafakuri hii mwenye mzee mgonjwa nyumbani. Kesho in shaa Allah, siku ya 13: adabu za kumkaribisha mgeni kwenye futari.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.