Dawa za chembe ndogo za saratani: tusubiri?

SWALI: Shangazi yetu ana saratani ya matiti. Tumesikia kuna dawa za chembe ndogo mno zinazoua seli za saratani tu. Tuzisubiri badala ya kemotherapi? (Msomaji, Kimana, Kajiado)

JIBU: Msisubiri. Dawa hizo zipo, tena si za jana: Marekani iliidhinisha Doxil mwaka 1995, yaani dawa ya kemotherapi iitwayo doksorubisini iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi. Mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, kwa hiyo vifuko hupenya humo, na moyo hudhurika kidogo kuliko kwa doksorubisini ya kawaida. Lakini uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kwa kawaida chini ya asilimia 1 ya chembe zinazodungwa ndizo hufika kwenye uvimbe. Nyingi huishia kwenye ini na wengu. Kudai kwamba zinagusa saratani tu ni kutia chumvi.

Mtauliza, basi tiba lengwa, yaani inayolenga seli za saratani, ni uongo? Hata kidogo. Dawa ya trastuzumabu hunasa protini ya HER2 iliyojaa juu ya seli za takriban saratani 1 kati ya 5 za matiti, na aghalabu hutolewa pamoja na kemotherapi. Asiye na HER2 nyingi kwa kawaida haimfai. Bei yake ilikuwa kikwazo kikubwa, ila mwaka 2025 Wizara ya Afya na kampuni ya Roche zilitangaza kuishusha kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kila awamu, huku Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikilipa. Kwa hiyo shangazi aanze matibabu aliyopangiwa, nanyi mwulizeni daktari wake mapema: je, sampuli ya uvimbe imepimwa HER2?